Kilwa Kisiwani kwa siku moja: mwongozaji alama tano kati ya tano, boti mbili kati ya tano

Nianze na bei ya kutembelea magofu ya mji wa kale kisiwani Kilwa, maana ndiyo kila mtu anayoniulizia. Ada ya kuingia kwa Mtanzania haiumi. Mgeni wa nje ndiye anayelipa zaidi. Kinachokula hela ni boti. Inakodiwa nzima, si kwa kichwa, kwa hiyo mkiwa wawili kama sisi mtatoa sawa na kundi la watu wanane. Kibali unakata Kilwa Masoko, upande wa bara, kabla hujagusa maji, na hapo ndipo unapopata mwongozaji.

Tunatoka Mtwara mjini. Mimi nauza vitenge sokoni, shoga yangu ni muuguzi, na msimu wa korosho ukishaisha, wateja wakishalipa madeni yao, huwa tunatafuta pa kwenda. Tulipanda basi la alfajiri na furushi la ming'oko ya kuchemsha, tukapita Lindi, Mchinga, Kiranjeranje, tukashuka Nangurukuru na kuunga gari dogo mpaka Masoko. Lala hapo. Anayekuambia utatoka Mtwara asubuhi, uzunguke kisiwa na urudi usiku huohuo, anataka uone Gereza tu, ile ngome ya zamani ufukweni, ugeuze. Nyumba ya wageni tuliyofikia siitaji. Maji ya kuoga yalikuwa ndoo moja kwa vyumba viwili, ila chandarua kilikuwa kizima.

Sasa shoga yangu huyu kafika Hispania. Alipelekwa mafunzo, na siku za mapumziko akazunguka Córdoba na Granada, basi tangu arudi hakuna jengo analoliangalia bila kulipima na la huko. Nilidhani atanichosha. Kumbe ndiye aliyenifanya niitazame Kilwa vizuri.

Kuvuka ni muda mfupi tu, na Gereza unaiona tangu uko Masoko. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, kamanda wao Francisco de Almeida alipouteka mji. Kilichosimama leo sehemu kubwa ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye. Mlango wake wa mbao una nakshi, piga picha uendelee. Watu wengi wanamalizia nguvu zao pale kwa sababu ndipo boti inapofikia, halafu wanafika msikitini wamechoka. Msifanye hivyo.

Msikiti Mkuu ndio unaostahili nauli yenu. Sehemu ya kaskazini ni ya karne ya 11. Ile kubwa yenye kuba iliongezwa karne ya 14, ikaanguka, ikajengwa upya karne ya 15. Mwongozaji wetu, kijana wa hapohapo kisiwani, hakutusomesha tarehe na kutupitisha. Alitusimamisha mbele ya nguzo, akasema, "Dada zangu, sogezeni macho." Tukasogea. Jiwe lote lina vitundu vidogo vya nyota, kwa sababu ni tumbawe lililochimbwa baharini, likachongwa lingali laini kisha likaachwa likauke. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa. Nimeishi pwani miaka yote, nyumba za zamani za Mikindani napita ubavuni mwake, na sikuwahi kuinama kutazama ukuta kwa namna ile.

Shoga yangu akaanza. Msikiti wa Córdoba ulianza kujengwa mwaka 785, nguzo zake ni 856, na tangu 1236 ni kanisa. Wamepachika kanisa zima katikati ya nguzo. "Kule unaangalia juu, shingo inauma," akasema. "Hapa kuba iko karibu, naona mpaka alama za mawe." Mwongozaji akamwuliza kama kule kuna kivuli na mabenchi. Kipo, yapo. Akacheka, akatuonyesha mbuyu.

Hilo ndilo lalamiko langu la kwanza: pa kukaa hakuna. Vibao nilivyoviona vimefubaa, na bila mwongozaji ungekuwa unazunguka kwenye mawe tu. Mahali hapa pamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981, pamoja na Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu pia. Mwaka 2004 paliingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, pakatolewa 2014 baada ya kuta kukarabatiwa. Kuta zimetunzwa kweli. Mgeni bado hajafikiriwa.

Kwenda Husuni Kubwa, magofu ya kasri la sultani, kuna kutembea, na hapa mpange na nahodha mapema kuhusu maji. Yakipwa, boti haifiki karibu na mtapita kwenye tope la mikoko na viatu mkononi. Granada, anasema shoga yangu, tiketi ya Alhambra, ngome ya masultani wa zamani wa ukoo wa Nasrid, imeandikwa saa yako ya kuingia kwenye kasri zao, ukichelewa imekula kwako. Kilwa saa hiyo inapangwa na bahari, na nahodha wetu hakututajia habari hiyo mpaka tumefika.

Lakini ukishapanda juu! Kasri lilijengwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, vyumba zaidi ya mia moja, na bwawa la pembe nane linalotazama bahari. Tulikaa ukingoni mwa bwawa, mwongozaji akatusimulia habari aliyoiandika Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331. Fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha sultani huyuhuyu alipokuwa akitoka msikitini Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akarudi ndani, akabadilisha, akampa. Mwanawe akazichukua zile nguo, akamlipa fakiri watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyosifu, akaongeza kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. "Watumwa!" shoga yangu akaruka. "Si bora wangemwachia kanzu yake." Mwongozaji hakuipamba. Alisema utajiri huu ni wa dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, na watu nao walikuwa bidhaa.

Ibn Battuta huyohuyo baadaye, karibu na 1350, alifika Granada. Shoga yangu hakuwa akilijua hilo. Alinyamaza muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akaambiwa kwamba dhahabu ya kodi ambayo nahodha Mreno Vasco da Gama aliitoza Kilwa mwaka 1502 ilifuliwa chombo cha kanisa, kikakamilika 1506, na kipo Lisbon hadi leo. "Nami nilikuwa jirani tu hapo!" Mpaka tunarudi kijijini kunywa madafu alikuwa bado anahesabu nauli ya basi kutoka Hispania hadi Ureno.

Boti sasa. Bei tulikubaliana elfu hamsini, kwenda, kuzunguka mpaka Husuni, na kurudi. Wakati wa kurudi nahodha akasema Husuni ni safari nyingine, tuongeze kumi. Nilimjibu, "Baba, Husuni niliitaja kabla sijakaa." Mwongozaji akaingilia, tukamaliza kwa elfu tano, ambayo haikustahili. Tajeni kila kituo kwa jina mbele ya mwongozaji, na mlipe nusu tu kabla. Maboya ya kuvaa yalikuwa matatu, sisi na wahudumu wawili tuko wanne.

Chakula kuleni Masoko. Pweza wa nazi niliyempata na wali karibu na bandari alikuwa laini kiasi kwamba nikauliza amechemshwa muda gani. Mama mpishi akaniambia nile kwanza.

Songo Mnara hatukwenda. Bei ya boti huko ni nyingine kabisa, na zamu ya shoga yangu ilikuwa inaanza Jumatatu.