Aquatabs za maji ya kunywa, mimi nazipa tano kwa tano
Jamani hizi tembe ziko vizuri, ile ya miligramu 67 unaidondosha kwenye ndoo ya lita 20 inatoa mapovu kidogo, unafunika unasubiri dakika 30 maji tayari, mkaa wenyewe ulivyo ghali siku hizi kuchemsha kila siku nani ataweza. Kinachoua wadudu humo ni klorini, elementi ya jamii ya halojeni, yaani kundi la 17 kwenye jedwali la elementi, ukoo mmoja na florini ya dawa ya meno na madini joto ya kwenye chumvi, inawanyang'anya bakteria elektroni mpaka wanakufa. Maji yakiwa na tope chuja kwanza na kitambaa safi, la sivyo uchafu unaimaliza klorini yote. Harufu ipo kiasi, watoto wangu wameshaizoea.