Tathmini ya seti ya potenshometa, swichi na nyaya kwa gitaa la aina ya Stratocaster

Gitaa langu ni nakala ya bei nafuu ya Stratocaster, gitaa ambalo Fender walilitoa mwaka 1954, nami hulipigia rithimu katika bendi ya dansi inayotumbuiza kwenye harusi. Kilichonisumbua hakikuwa mlio wake, bali kitasa cha sauti: ukikizungusha kutoka kumi hadi tatu husikii badiliko la maana, kisha ghafla sauti yote inazama. Nilipofungua bamba la mbele nilikuta potenshometa (vikinzani vinavyozungushwa na vitasa vya sauti na toni) zimechapwa B250K, na herufi hiyo B ndiyo iliyofumbua fumbo, kwa kuwa katika vifaa vya Asia humaanisha kwamba ukinzani hubadilika kwa kasi ile ile mzunguko mzima, ilhali sikio la binadamu halisikii hivyo.

Mafundi wengi hushauri kuanza na pikapu mpya (nazungumzia sumaku zilizozungushiwa waya, si gari la mizigo). Mimi niliziacha za zamani nikaagiza seti iliyokwisha kulehemiwa, yenye potenshometa tatu za CTS za kiloomu 250 za aina ya A (ambazo hubadilika kwa namna inayolingana na sikio), swichi ya Oak Grigsby ya nafasi tano ya kuchagua pikapu, tundu la Switchcraft la kuchomekea waya, na kapasita ya maikrofaradi 0.047 kwa ajili ya toni. Bei yake ilikaribia nusu ya bei niliyonunulia gitaa lenyewe.

Muuzaji alinihakikishia kwamba seti hiyo huingia katika gitaa lolote la umbo hili, na hilo si kweli hata kidogo. Shingo ya potenshometa hizi ina upana wa takribani milimita 9.5, hivyo ilinibidi kupanua matundu ya bamba kwa tupa ya mviringo, polepole, maana ukitumia drili plastiki hupasuka. Vifuniko vya zamani vya vitasa navyo havikukubali, kwa sababu meno ya vyuma vipya hayalingani na yale ya kipimo cha milimita. Aidha, swichi ni ndefu kwenda chini, na anayemiliki gitaa lenye mwili mwembamba apime kina cha shimo kabla ya kutoa fedha.

Kazi ya kulehemu iliyobaki ni ndogo: nyaya za pikapu tatu kwenda kwenye swichi, nyaya zao za ardhi kwenye mgongo wa potenshometa ya sauti, na ule mmoja utokao kwenye springi za nyuma. Mgongo huo hunyonya joto sana, na chuma dhaifu cha kulehemu kitaikaanga potenshometa kabla risasi haijashika.

Sasa kitasa cha sauti kinatii. Mwimbaji anapoanza ubeti narudi hadi sita, na kwenye chemko napanda taratibu bila kuruka. Seti ina pia kapasita ndogo na kinzani cha kiloomu 150 vilivyounganishwa kwenye kitasa cha sauti ili sauti nyembamba zisipotee unapopunguza, na kwa mpiga rithimu kifaa hicho kidogo kina thamani kuliko vyote vingine. Swichi inabofya kwa uhakika. Nafasi ya pili na ya nne, zinazochanganya pikapu mbili na ambazo kabla ya mwaka 1977 wapigaji walizipata kwa kuikwamisha swichi ya nafasi tatu katikati, hazikatikikatiki tena.

Wanaotarajia mlio mpya hawataupata hapa. Mvumo nao haukupungua mpaka nilipolitandika shimo lote karatasi ya shaba yenye gundi, ambayo haimo katika seti na nilinunua kando kwa bei ndogo. Hata hivyo shaba haizuii kila kitu: katika nafasi ya kwanza, ya tatu na ya tano, zinazotumia pikapu moja moja, nikisimama karibu na transfoma ya amplifaya, mvumo wa hezi 50 bado upo, nami hulazimika kugeuka kidogo ubavu hadi unyamaze.