Throto ya waya au ya umeme? Kabla hujalipa, chomoa soketi ya throto

Malalamiko yanayonifikia tangu mvua zianze yanafanana mno. Dada mmoja wa Newala alinunua Toyota ndogo Mtwara mjini. Mwanzoni lilipanda mlima bila shida, kisha likaanza kuwasha taa ya cheki injini na kugoma kuvuta. Anakanyaga mafuta hadi chini, gari linatambaa. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi, wa pili pampu ya mafuta, wa tatu akamshauri auze. Ubovu ulikuwa kwenye soketi ya throto, kifaa kinachoruhusu hewa kuingia kwenye injini: pini zimeota kutu ya kijani.

Ya rangi, viti na kilomita utayasoma kwingine. Mimi nataka ujue gari unalolinunua linapokeaje amri ya mguu wako, na amri hiyo inapita kwenye soketi ya namna gani.

Kwenye gari la waya, pedali inavuta waya, waya unafungua kisahani kilicho ndani ya throto, hewa inaingia. Corolla 110, Carina Ti na Noah ya SR40 ziko hivyo. Kwenye gari la umeme, yaani lenye throto ya umeme, si lile la betri, pedali ina sensa mbili za kupima umekanyaga kiasi gani. Kompyuta inazisoma zote, inazilinganisha, ndipo inaiamuru mota ndogo ifungue kisahani, na throto yenyewe nayo ina sensa zake mbili za kutoa ripoti. Si jambo la juzi: BMW walikuwa na gari la hivyo barabarani mwaka 1988.

Tatizo ni kwamba sensa hizo zinafanya kazi kwa umeme wa volti 5 tu. Kutu kidogo kwenye pini inavuruga vipimo, na sensa mbili zikitofautiana, kompyuta haibahatishi. Inaikatia mota umeme, springi inakirudisha kisahani kwenye uwazi mdogo, nawe unabaki na gari la kujikokota hadi gereji. Ni kinga nzuri, nami naiunga mkono. Lakini sisi wa Mikindani, Shangani, Lindi mjini na Kilwa tunaishi na upepo wa chumvi mwaka mzima. Watu wanainama kukagua chasi, wanagonga bodi kutafuta puti, na hakuna anayefungua soketi.

Fungua boneti, swichi ikiwa imezimwa. Fuata bomba kubwa la hewa kutoka kwenye chujio. Linapoishia ndipo ilipo throto. Ukiona waya umezungushwa kwenye gurudumu dogo lenye springi, hilo kwa kawaida ni la waya. Ukiona kasha la plastiki ubavuni na soketi ya nyaya sita, ni la umeme. Bonyeza kibano, chomoa taratibu. Pini safi zinang'aa. Zilizoharibika zina unga wa kijani au mweupe. Tazama kama raba ya kuzuia maji ipo. Tazama kibano: kikiwa kimevunjika na soketi imefungwa kwa kamba ya plastiki, kuna mtu alishahangaika hapo. Pitisha vidole kwenye nyaya, shibiri nzima, kutafuta viungo vya gundi nyeusi. Kisha rudisha, washa gari, likiwa sailensi, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, itikise soketi. Mlio ukibadilika, ondoka. Soketi ya pedali nayo iko juu, karibu na mguu, ikague vilevile. Hiyo inaharibiwa na maji ya kuoshea sakafu.

Kipimo cha kompyuta kifanyike baada ya kuliendesha, maana hitilafu zinafutwa asubuhi mteja akija saa nne. Namba za kuogopa ni P2135 na P2138. Zote mbili zinasema sensa hazipatani.

Wazee wananiambia gari la umeme linaweza kukimbia lenyewe. Hofu hiyo ilishika sana Marekani, hadi wataalamu wa NASA wakaombwa kuzichunguza Toyota. Ripoti ya mwaka 2011 haikukuta hitilafu ya umeme ya kulifanya gari lishike kasi lenyewe. Kilichokutwa na kurekebishwa ni mazulia yanayobana pedali na baadhi ya pedali zinazonata. Waya nao unanata: nyuzi zikichomoka karibu na pedali, mafuta yanabaki wazi. Ukinunua la waya, kanyaga na kuachia mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, usikie kama kuna kukwaruza.

Sasa chaguo zangu. Ya kwanza ni Toyota ndogo ya injini ya 1NZ yenye throto ya umeme, vifaa vikiwa vya Denso, kampuni ya Japani ya vipuri, vilivyokuja nalo kutoka huko. Natetea Denso bila kuficha, na Toyota za Marekani zilipoitwa gereji zirekebishwe kwa pedali kunata, pedali za Denso hazikuwamo. Mafundi wa 1NZ wako hadi Masasi, na sailensi inajirekebisha yenyewe baada ya kusafisha.

Ya pili ni Toyota ya waya, na kwa mwenye shamba Tandahimba naiweka kwanza kabisa. Waya ukikatika unaonekana kwa macho na fundi yeyote anaubadilisha.

Nissan X-Trail ya T30 ni ya umeme pia, tamu barabarani, lakini ukisafisha throto inahitaji kufundishwa upya sailensi, na si kila gereji huku inajua. Noah ya D-4, ile inayonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, nayo inajaza masizi kupita kiasi. Za mwisho ni zenye waya na mota kwa pamoja, kama Lexus za V8 za mwaka 1998: waya unaishia kwenye sensa, mota ndiyo inayofungua. Unaona waya unadhani umepona, kumbe una shida zote mbili.

Throto mpya za bei rahisi zisizo na jina: usinunue.

Na wauzaji wetu nina neno nao. Kuosha injini kwa mashine ya presha ili ing'ae mbele ya mteja ni kuyasukuma maji ndani ya soketi hizohizo, halafu mwezi ukiisha unaambiwa umelitumia vibaya. Bei inapanda mnada wa korosho ukianza, kwa gari lilelile lililosimama uani tangu Kusi. Vipuri vinauzwa kwa bei ya "usafiri wa kusini" wakati vinapakiwa kwenye basi Dar es Salaam usiku na asubuhi viko stendi. Barabara ilipokatika Somanga kwa kimbunga Hidaya, Mei 2024, kupandisha nilikuelewa. Njia ilishafunguliwa, bei haikushuka.

Kibaya zaidi ni throto ya mtumba iliyokatwa soketi, kwa sababu soketi wanaiuza kando. Dai throto, soketi na nyaya zake kwa urefu wa shibiri, na ukubaliane kwa maandishi kwamba ikifungwa na hitilafu ikabaki, inarudishwa. Akikuambia mali ikiuzwa hairudi, agiza Kariakoo kwa mtu anayekubali masharti hayo, hata kama utasubiri basi la kesho.