Seti ya spana za baiskeli niliyouziwa Moshi mjini

Jina la duka naliacha. Ningelitaja leo ningeongeza na matusi juu.

Masika yalipoisha, habu ya mbele ya baiskeli yangu, yaani kitovu cha gurudumu, ikaanza kukoroma. Napanda na kushuka barabara ya Kibosho, na tope likishapenya kwenye sili, grisi inachanganyika na mchanga, gololi zinasaga koni, vile vipande vya chuma zinavyozungukia. Nikaenda mjini kutafuta spana nyembamba za koni, kwa sababu spana ya kawaida ni nene, haikai kwenye koni ikiwa nati ya kufungia imebana juu yake. Muuzaji akanitolea seti. "Hii imekamilika dada, ina mpaka T25 ya kufungulia diski. Chuma cha Mjerumani hiki." Nikalipa bila hata kuomba punguzo, na mimi siyo mtu wa kulipa hivyo.

Basi, hiyo T25, ncha ya umbo la nyota yenye meno sita. Bolti za diski ya breki, zile sita zinazoishikilia kwenye habu, mara nyingi zinakuja na gundi kwenye nyuzi ili zisilegee, kwa hiyo mara ya kwanza kuzifungua huwa zinabisha. Hilo nalijua. Nikachokonoa uchafu kwenye kichwa cha bolti kwa sindano, nikaizamisha ncha mpaka mwisho, nikakandamiza, nikazungusha. Bolti haikutikisika. Ncha yenyewe ndiyo ilianza kujisokota kama kamba ya katani, meno yake sita yakalala upande mmoja, halafu tik, kipande kikabaki ndani ya bolti. Ya kwanza tu! Zimebaki tano.

Nikairudisha. Jamaa hakuigusa hata. "Umelazimisha. Kazi hizi zina wenyewe dada, mwambie shemeji alete baiskeli." Shemeji gani? Wateja wakacheka, naye akanogewa, akanisukumia chupa ya DOT 4: kama nashughulika na breki, nichukue na mafuta kabisa. Nikamwambia breki zangu ni Shimano, zinatumia mafuta ya madini, DOT itaharibu sili. "Mafuta ni mafuta tu." Mtu anauza vifaa vya breki kwa watu wanaoteremka kutoka Kibosho, halafu anasema mafuta ni mafuta!

Bolti ilitolewa na fundi mmoja wa chini ya mti kule Majengo. Aliweka tindo ndogo ukingoni mwa kichwa, akagonga polepole kuelekea upande wa kufungulia, ikaachia. Buku mbili. Zile tano tulizifungua kwa T25 yake iliyochakaa, wala haikulalamika.

Sasa niseme haki, ingawa roho haitaki: spana za koni kwenye seti hiyo ni nzuri. Ya 13 imeshika koni ya mbele bila kuteleza, ya 15 nimefanyia habu ya nyuma, midomo haijapanuka. Gurudumu linazunguka kimya. Kwa hizo peke yake ningesema nunueni, na nilipoanza kuandika nilikusudia kutoa nyota tatu.

Lakini "mwambie shemeji"? Nyota moja. Spana kama hizo tafuteni duka lingine, T25 nunueni kando tena ya maana, na mkiona chupa ya DOT 4 kaunta na jamaa anayetabasamu nyuma yake, ndiyo hapo, piteni.