Gome la Gandhara au jani la mvumo: uanze na lipi?

Anayetafuta maandishi ya kale ya Kibuddha ana njia mbili, na ugumu wake haufanani.

Magombo ya Gandhara, yaani sehemu za Pakistani na Afghanistani ya leo, yameandikwa kwa wino juu ya gome la mti wa betula. Yale yaliyofika British Library mwaka 1994 ni ya karne ya 1 hivi. Gome likikauka huachana tabaka kwa tabaka kama ganda la kitunguu. Ndiyo maana hulainishwa kwa unyevu usiku kucha, hukunjuliwa polepole kwa kibano, kisha hulazwa kati ya vioo viwili. Mwanzo wa matini, uliokuwa upande wa nje, mara nyingi ndio uliopotea. Hati ya Kharoshthi, yaani mwandiko wa magombo haya, husomwa kutoka kulia, na kwa kawaida haitofautishi irabu fupi na ndefu. Hapo wengi hukwama.

Majani ya mvumo na jamii zake, huko Sri Lanka, huchorwa kwa kalamu ya chuma na kupakwa masizi na mafuta. Herufi zikififia, hupakwa tena. Matini yake ya Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibuddha, ni kamili, ila kwa sababu ya wadudu na unyevunyevu, nakala nyingi zilizobaki ni za karne chache zilizopita.

Anza na Kipali. Bila hicho, kipande cha gome chenye maneno matatu hutajua kimetoka sutra (hotuba ya Buddha) gani.