Victoria Falls na Watoto kwa Bajeti ya Kujipangia: Nini Kinalipa, Nini Kinakula Hela Bure

Haya karibuni, kaeni vizuri. Leo mezani sina simu mpya wala blenda, leo bidhaa ninayochambua ni safari yenyewe, safari ya familia ya watu wanne kwenda Victoria Falls, yale maporomoko ya maji mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, bila pakeji, bila wakala, tumeipanga wenyewe usiku watoto wamelala na daftari la hesabu la mtoto. Nimeenda mara mbili. Mara ya kwanza nilichemsha, mara ya pili nikapatia, kwa hiyo hapa naongea na makovu yangu.

Na mnaona hii ndoo hapa pembeni, msiishangae. Humo ndani kuna mifuko miwili ya simu, ile ya kuzuia maji, nimeizamisha kabla sijawasha kamera na kila mmoja nimeweka karatasi ya chooni badala ya simu, tutaitoa mwishoni tuone.

Kwanza jina. Wenyeji wanapaita Mosi-oa-Tunya, na wewe unayejua Kiswahili hebu litamke polepole, mosi... si moshi huo? Ni moshi kweli, moshi unaonguruma. Mtoto wangu mdogo wa miaka 6 alilipata kabla sijamweleza, akasema baba moshi uko wapi na moto hamna. Halafu Novemba 1855 akaja David Livingstone, mpelelezi kutoka Uskoti, akapaita kwa jina la malkia wake na hilo ndo limebaki kwenye tiketi za ndege. Ila moshi wenyewe sio hadithi, manyunyu yanapanda zaidi ya mita 400 juu maji yakijaa, unayaona ukiwa bado uko mbali barabarani.

Sasa nisikilizeni hapa maana hapa ndo pesa ilipo. Watu wakitaka safari ya bei nafuu wanaanza na tiketi, wanatafuta wiki yenye nauli ya chini ndo wanakata. Mi nilifanya hivyohivyo. Nikapata nauli nzuri sana ya mwanzoni mwa Novemba, nikajiona mjanja, nikaenda na familia yangu upande wa Zambia tukalipa kiingilio watu wanne tukashuka na kile kinjia mpaka ukingoni na nini, mbele yetu jiwe. Jiwe jeusi kavu, refu, zuri la kijiolojia, maji hakuna, kwa mbali kule kuna michirizi. Mke wangu hakusema kitu, akanitazama tu. Kesho yake ikabidi tuvuke kwenda Zimbabwe na kulipa kiingilio kingine, ile tofauti ya nauli niliyookoa ikaisha hapohapo na chenji juu.

Kwa nini ilikuwa vile? Mto ni Zambezi, na maji yake hayatokani na mvua inayonyesha pale pale. Yanatoka juu huko kaskazini magharibi mwa Zambia na Angola, mvua zinapiga kuanzia Novemba mpaka Machi hivi, halafu yakishuka yanakutana na tambarare kubwa ya Barotse, uwanda mpana kabisa, maji yanasambaa humo yanatulia kama mtu aliyefika kwa shangazi, hayana haraka. Kwa hiyo yanafika kwenye maporomoko yamechelewa. Unakuta mwezi wa nne mvua imeshakatika, jua linawaka, na ndo maporomoko yamejaa kupita kiasi. Na mwezi wa kumi na wa kumi na moja mawingu yanaanza kujikusanya unadhani maji yamekuja, kumbe ndo kipindi cha ukame wake.

Haya, sasa usije ukakimbilia Aprili kwa furaha. Aprili maji ni mengi mno, manyunyu yanakuwa ukuta mweupe, unalowa kama umeoga na nguo na hujaona kitu, unasikia tu mngurumo kifuani. Kwa mtu mzima mpenda vurugu ni raha, ila mtoto wa miaka 6 atalia, wangu namjua angelia. Sisi mara ya pili tulienda Julai. Juni mpaka Agosti maji bado yapo ya kutosha, ukungu umepungua unaona mpaka chini, hakuna mvua, mbu ni wachache kidogo. Asubuhi kuna baridi, bebeni sweta, watu wanadhani Afrika yote ni joto hata sisi wenyewe tunajidanganya. Mwezi nampa kumi kwa kumi, na nasema hivi, lipa nauli ya juu kidogo uende mwezi sahihi, ndo nafuu yenyewe hiyo.

Twende kwenye swali la kila mtu, Zambia au Zimbabwe. Maporomoko yana upana wa mita 1,708 na urefu wa kushuka mita 108, karibu mara mbili ya Niagara kwa urefu, na mpaka wa nchi mbili unapita hapohapo. Upande wa Zimbabwe unayaona kwa mbele, kama umekaa sinema, sehemu kubwa kabisa ya pazia iko mbele yako na njia ni tambarare hata bibi mwenye magoti mabovu anatembea, na pale Main Falls, sehemu kuu ya maporomoko, maji hayakauki mwaka mzima. Upande wa Zambia hauoni mengi ila uko karibu, yani karibu mpaka unaogopa, kuna daraja dogo la miguu wanaita Knife-Edge, maji yakijaa unapita humo kama unapita ndani ya mvua inayotoka chini kwenda juu. Halafu kuna ngazi za kushuka mpaka Boiling Pot kule chini mto unapozunguka, kushuka ni nyimbo kupanda ni sala. Mtoto wangu mkubwa wa miaka 11 alipanda anacheka, mimi nilipumzika mara nyingi kuliko nitakavyokubali kusema hapa.

Kama una hela ya upande mmoja tu, na watoto wadogo, Zimbabwe. Kama ni Julai na una siku nne, fanya zote. Ila piga hesabu ya viingilio kwanza maana wanatofautisha, raia wana bei yao, pasi za nchi za SADC, ile jumuiya ya kusini mwa Afrika ambayo Tanzania imo na Kenya haimo, zina bei yao, sisi wengine bei ya kimataifa, na watoto wana yao, kwa hiyo Mtanzania na Mkenya wanaweza kusimama foleni moja na wakalipa tofauti. Usichukue bajeti ya rafiki yako ukainakili tu.

Viza, pasi za Kenya, Tanzania na Uganda zinaingia nchi zote mbili bila viza, hapo tumebarikiwa. Kama kuna mtu kwenye familia ana pasi ya nchi inayohitaji viza, aulize viza inayoitwa KAZA, ni dola 50 za Marekani, siku 30, anavuka Zambia na Zimbabwe atakavyo na anaweza hata kwenda Botswana kutwa moja kupitia mpaka wa Kazungula akarudi. Bila hiyo anaweza kujikuta analipa upya kila akivuka, na huko ndo bajeti za watu zinafia.

Na karatasi za watoto, nawaomba. Kila mtoto pasi yake, cheti cha kuzaliwa, na kama unasafiri nao bila mwenzako beba barua ya ruhusa iliyogongwa muhuri. Kadi ya njano pia, ukitokea nchi yenye homa ya manjano wataidai, chanjo iwe angalau siku 10 kabla, na tangu 2016 ukichoma mara moja ni ya maisha, hulipi tena. Malaria ipo, ongea na daktari kabla hujaondoka, hiyo sitakufundisha mimi.

Sasa vitu vya bure, hapa napenda. Lile daraja kubwa la reli la mwaka 1905, linalounganisha nchi mbili, unaweza kwenda kusimama katikati bila kugongewa muhuri, unaomba kikaratasi cha daraja pale uhamiaji unatembea. Na juu yake watu wanaruka na kamba, mita 111 kwenda chini. Kuruka ni ghali, kutazama ni bure! Tulikaa pale watoto wangu wanawahesabia waruka, wa tatu alipiga kelele mpaka mdogo akasema huyo anamwita mama yake. Burudani ya saa nzima, hatukutoa hata senti.

Helikopta? Kwa watu wanne hapana, hiyo hela inalipa malazi. Lile dimbwi la Devil's Pool la kuogelea ukingoni wakati maji yamepungua, sio la watoto, tusijadili. Upinde wa mvua wa usiku unaotokana na mbalamwezi, huo ni kweli upo, mwezi mpevu na maji mengi, wanafungua hifadhi usiku kwa malipo ya ziada. Sisi Julai hatukuubahatisha na bado naudai.

Malazi, tafuta gesti au hosteli yenye jiko. Mnaopika wenyewe asubuhi na jioni mnaokoa kuliko punguzo lolote la chumba. Mji wa Victoria Falls, upande wa Zimbabwe, uko jirani kabisa na geti, mnatembea kwa miguu, mji wa Livingstone, upande wa Zambia, uko kama kilomita 10 kwa hiyo ongeza teksi kila siku. Ila jioni msitembee, tembo wanaingia mjini, na tembo hana habari na bajeti yako. Fedha, Zimbabwe beba dola za Marekani ndogondogo, za moja moja na tano tano, maana chenji ni shida, Zambia ni kwacha. Mtaani watakuuzia zile noti za zamani za dola trilioni 100 za Zimbabwe za 2009, mkubwa wangu alinunua moja akatamba siku nzima kwamba yeye ndo tajiri kwenye familia. Nikamwambia basi lipia chakula.

Haya, makoti ya mvua. Hili zito la zipu nililinunua kwa hela ya maana, hili jembamba la plastiki la kukunja ni la bei ya kutupa. Pale getini wanakodisha pia, ila ukodi kwa watu wanne, siku mbili, pande mbili, unakuta ungenunua. Lile zito lilinilowesha kwa ndani, jasho, nikawa nimeloa pande zote mbili kama chapati. La plastiki linapitisha hewa chini, linakunjwa linaingia mfukoni, ukilichana hulii. Plastiki nane, zito tatu. Viatu vaa sandali za mkanda nyuma, ndala zinateleza. Begi liwe na zipu na usitembee na mfuko wa chakula mkononi, nyani wa pale wameshasoma shule, mmoja alimnyang'anya mke wangu ndizi, akazimenya mbele yetu na akawa anatutazama usoni.

Tufungue ndoo. Huu mpya, wa vibanio viwili... subiri niupanguse... karatasi kavu, sikilizeni inavyolia. Huu mwingine ndo ule wa safari zote mbili, nilikuwa nauamini kuliko... oh. Kona hii hapa mnaiona? Imelowa. Kumbe Julai simu yangu ilikuwa inaomba dua humo ndani na mimi napiga picha tu.