Mkongwe au chipukizi: kambini apewe nani nafasi?

Timu ya NFL, ligi ya soka la Marekani, huingia kambini na wachezaji 90, msimu huanza na 53. Mwaka 2018 New England Patriots walikuwa na uhaba wa wapokeaji, yaani wadakaji wa pasi, wakamsajili Eric Decker, miaka 31. Kwenye karatasi alitosha: mwaka 2013 akiwa Denver alidaka pasi 87 kwa yadi 1,288, na Josh McDaniels, kocha wa mashambulizi, alimfahamu tangu huko. Hakuhitaji kufundishwa kazi. Lakini jua la Agosti halisomi takwimu za zamani, na kabla mwezi haujaisha akatundika daluga. Pasi alizorushiwa mazoezini zikawa zimepotea bure. Angerushiwa kijana, angalau angejifunza kitu.

Mwaka uliofuata akaja Jakobi Meyers, ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti (zoezi la timu kuchagua wachezaji wa vyuo), na aliyeanzia chuoni kama kwotabeki, yaani mrusha pasi. Alianza taratibu, pasi 26 tu. Mwaka 2021 akadaka 83.

Mimi ningempa kijana, ingawa mkongwe wa ulinzi Junior Seau ananitia shaka: Agosti 2006 aliagwa kwa sherehe ya kustaafu San Diego, siku chache baadaye akasaini Patriots, akacheza hadi msimu wa 2009.